Fantasi ya hoki: kwa nini mnada wa golikipa mmoja unaharibu urafiki

Wengi wetu huku Goma, Bukavu, Uvira ao Beni tuko na ndugu mwenye anaishi Canada ao Marekani. Ukimpigia simu wakati wa baridi ya kwao, usishangae akikuambia kwamba kwenye kazi yake watu wawili hawasalimiani tena juu ya golikipa mmoja. Golikipa mwenyewe hawamjui, hawajawahi kuongea naye hata siku moja. Dola zenye kila mmoja alitaka kumnunulia ni za mchezo tu, haziko mfukoni. Lakini ugomvi ni wa kweli kabisa.

Mchezo huo unaitwa fantasi ya hoki. Hapa tunaeleza namna unachezwa, kwa nini kununua mchezaji asiye na mwenyewe kunaleta kelele, na kanuni gani zinaweza kuzima moto mbele haujawaka.

Timu ya kwenye karatasi

Hoki ya barafu inachezwa na watu sita kila upande, golikipa akiwa ndani ya hesabu. Wanavaa viatu vyenye chuma chini, wanateleza juu ya barafu, na kwa fimbo wanasukuma kipande kigumu cha mpira mpaka kiingie golini. Shampiona kubwa ni NHL, yenye timu 32: 7 za Canada na 25 za Marekani. Kila timu inacheza mechi zaidi ya 80 kati ya mwezi wa 10 na mwezi wa 4, kisha zenye zimefanya vizuri zinaingia kwenye mechi za kuondoana.

Katika fantasi, kikundi cha marafiki, mara nyingi 10 ao 12, kinaunda ligi yake. Mwanzo wa msimu wanagawana wachezaji wa kweli wa NHL. Mchezaji wako akifunga, akitoa pasi ya goli, ao golikipa wako akishinda mechi, wewe unapata pointi. Wazo hili halikuanzia kwenye hoki. Mwaka 1980, mwandishi Daniel Okrent na wenzake wa New York walianzisha ligi ya namna hii kwa beziboli, wakaipa jina la mkahawa wenye walikuwa wanakutana, La Rôtisserie Française. Leo programu za simu ndizo zinahesabu pointi.

Wenye wanacheza fantasi ya Premier League ya Uingereza wataona tofauti moja kubwa. Kwenye ile ya kawaida, watu mamilioni wanaweza kuwa na Haaland kwa wakati moja. Kwenye hoki, katika ligi nyingi, mchezaji ni wa mtu mmoja tu. Wewe ukimchukua, mimi nimekosa. Tena marafiki wengi wanatoa mchango wa kweli mwanzoni, na mshindi wa msimu ndiye anaubeba. Basi dola za mchezo zinaweza kuamua nani anapata dola za kweli.

Mchezaji asiye na mwenyewe

Watu 12 wakichukua kila mmoja wachezaji 20, hiyo ni 240. NHL iko na mamia zaidi ya hao. Wenye wanabaki hawana mwenyewe, na wengi wao hakuna anayewalilia. Lakini mara moja moja, mmoja anaamka.

Mfano wa kweli ni Jordan Binnington. Mwanzo wa mwezi wa 1 mwaka 2019, timu yake, St. Louis Blues, ilikuwa ya mwisho katika NHL nzima. Tarehe 7 wakamwanzisha kwa mara ya kwanza, yeye mwenye alikuwa anacheza daraja la chini. Walishinda 3-0. Mpaka mwisho wa msimu wa kawaida alishinda mechi 24, na mwezi wa 6 Blues wakabeba Kombe la Stanley. Mtu mwenye alimuokota mapema kwenye ligi yake ya fantasi alipata dhahabu kwa bei ya muhogo.

Magolikipa ndio wanapandisha joto zaidi. Kila timu ya NHL iko na golikipa mmoja mwenye anacheza mechi nyingi, basi ni 32 tu. Watu 12 wakitaka wawili wawili, 24 wamekwisha. Wa kwanza akiumia, kila mtu anamkimbilia wa pili usiku huohuo.

Njia tatu za kugawa

Njia ya kwanza ni ya anayewahi. Habari inatoka, wa kwanza kushika simu anapata. Ni rahisi, lakini inamuonea mwenye anafanya kazi ya usiku, ao mwenye amelala.

Njia ya pili ni ya zamu. Hii imetoka kwenye NHL yenyewe: timu ikimuachilia mchezaji kwa utaratibu huo, zingine ziko na saa 24 za kumuomba, na kama wengi wamemtaka, timu ya chini kwenye msimamo ndiyo inapewa. Ni huruma kwa mnyonge. Lakini kwenye fantasi watu wananung'unika: mtu anaweza kumpata mchezaji mkubwa kwa sababu tu alikuwa anafanya vibaya.

Njia ya tatu ni mnada wa siri. Kila mtu anapewa kiasi sawa cha mchezo, mara nyingi dola 100, za msimu mzima. Ukimtaka mchezaji, unaandika bei yako bila wengine kuiona. Siku na saa ikifika, bei zinafunguliwa. Wa juu anamchukua na dola zake zinakatwa. Hazirudi tena.

Njia hii inapendwa kwa sababu kila mtu anaanza sawa na kila mtu anachagua lini atumie. Lakini ndiyo iko na magomvi mengi, juu kanuni zake ni nyingi, na ile moja yenye mmesahau kuandika ndiyo itawagonganisha.

Mahali moto unaanzia

Bei zikilingana. Tuseme timu ya Simba inataja dola 21, Chui 21, Tembo 14. Kati ya Simba na Chui, nani anapata? Wengine wanasema ni mwenye alituma kwanza, wengine mwenye yuko chini kwenye msimamo. Kila jibu linafaa kama lilitolewa mwezi wa 9. Likitolewa wakati golikipa yuko mezani, linaonekana kama upendeleo.

Dola sifuri. Mtu mwenye amemaliza dola zake mwezi wa 12, je, anaweza kuomba mchezaji kwa bure, kama hakuna mwingine amemtaka? Ukimkataza, anakaa miezi mingi na majeruhi, na pengine anaacha kabisa. Ukimruhusu, mwenye alitunza dola zake anauliza: basi kutunza kulinisaidia nini?

Kuuziana dola. Chui anampa Simba mchezaji, Simba anampa Chui dola 30 za mchezo. Ni biashara. Lakini timu yenye imekwisha kukosa nafasi ya kushinda haina kazi na dola zake. Ikimpa rafiki yake zote mwisho wa msimu kwa mchezaji wa bure, wengine wataona wameibiwa. Ndiyo maana ligi nyingi zinaweka tarehe ya mwisho ya kubadilishana.

Kubadili kanuni katikati. Bei ya mchezaji inatokana na vitu vyenye ligi inahesabu. Chukua Bokondji Imama, aliyezaliwa Montreal kwa wazazi wa Congo. Anajulikana kwa kugonga wapinzani na kupigana kuliko kufunga magoli. Kwenye ligi yenye inahesabu magoli na pasi tu, hakuna wa kumtajia hata dola moja. Kwenye ligi yenye inahesabu pia kugonga na dakika za adhabu, mchezaji wa namna yake anaweza kutafutwa. Sasa mtu akishanunua wachezaji kama hao kisha akaomba ligi ianze kuhesabu kugonga, hata kama wazo lake ni zuri, wakati wake ni mbaya.

Msimamizi mwenye naye anacheza. Hili ndilo gumu kuliko yote. Pale bei zinatumwa kwa ujumbe kwa mtu mmoja, huyo mtu anaona kila kitu mbele ya kuandika bei yake. Hata kama ni mwaminifu, akishinda kwa dola moja juu, nani atamuamini? Programu ya kompyuta inaondoa shida hiyo, lakini pale pia msimamizi mara nyingi iko na uwezo wa kurekebisha matokeo kwa mkono.

Kuna ugomvi mwingine wenye si wizi, ni majuto. Simba alitaja dola 60, wa pili alitaja 9. Simba amemshinda, lakini amejiumiza. Mchumi William Vickrey, mzaliwa wa Canada, aliandika juu ya jambo hili mwaka 1961: wa juu ashinde, lakini alipe bei ya wa pili. Kazi yake ilimpatia tuzo ya Nobel mwaka 1996. Ligi zingine zinatumia njia yake: Simba angelipa 9 tu. Hapo mtu anaweza kuandika bei yenye anaona mchezaji anastahili, bila kubahatisha wengine wataandika nini.

Sanduku lenye kufuli tatu

Wenye wako kwenye AVEC wanajua jambo hili bila kufundishwa. Sanduku la akiba liko na kufuli tatu, na funguo zinashikwa na watu watatu wenye kila mmoja anakaa kwake. Franga zinahesabiwa mbele ya wote, kwa sauti. Hakuna mtu anasema kwamba washika funguo ni wezi. Ni kwa kuwalinda wao pia, siku hesabu itakosa kutimia.

Basi ndugu yako wa Canada akikuambia ameingizwa kwenye ligi, muulize maswali haya mbele hajatoa mchango wake. Bei zikilingana, nani anapata? Bei zinafungwa siku gani, saa ngapi, na ni saa ya mji gani, kwa kuwa saa ya Montreal na ya Vancouver si moja? Dola sifuri inaruhusiwa? Kubadilishana kunaisha lini? Msimamizi akiwa ndani ya ugomvi, nani anaamua pahali pake? Na haya yote yameandikwa wapi?

Akikujibu kwamba "tutaelewana tu, sisi ni marafiki," mwambie akae nao chini waandike kwanza.