Neno Mlau na Mpango wa Bonde la Rufiji

Atakaye kupanga upya nchi yenye mto mkubwa hana budi kwanza kujua wenyeji huyaitaje maji yake. Katika Rufiji ya chini liko neno mlau, maana yake kilimo cha ardhi iliyoachwa na mafuriko. Maji ya masika yakishuka, mkulima hupanda mahindi, kunde na maboga katika tope jipya, na mazao hukua kwa unyevu uliobaki, ingawa mvua zimekoma. Maji hayo hayo huyajaza maziwa ya kandokando na kuyatia samaki, kisha hushuka hadi delta na kupunguza chumvi penye mikoko.

Lugha ya ofisi hujua mafuriko tu, na mafuriko ni maafa. Katika operesheni ya 1968–69 watu wa bondeni walihamishiwa vijiji vya nchi ya juu. Nia haikuwa mbaya: wawe mbali na hatari, na karibu na shule na zahanati. Lakini mashamba hayakuhama. Wengi wakawa na makao mawili, nyumba kijijini na dungu bondeni. (Kwingineko pwani dungu ni jukwaa la kuamia ndege, Rufiji ni kibanda cha juu ya nguzo, ambamo mtu hulala na kupika majira yote ya kulinda mazao. Watunga kamusi walifikirie hilo.) Gharama ya mwendo kati ya makao hayo ililipwa na mkulima kwa miguu yake.

Leo swali limegeuka. Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, lilianza kujazwa Desemba 2022, na umeme wa kwanza ukapatikana Februari 2024. Tope jingi hutua bwawani. Mafuriko hayakufutika, kama yalivyoonyesha ya Aprili 2024 yaliyowatoa watu makwao. Ila sasa wingi na wakati wake hutegemea, kwa kiasi fulani, milango ifunguliwayo na watu.

Sheria ya mwaka 2009 ilikabidhi usimamizi wa maji kwa bodi za mabonde, nayo ilifanya vema, kwani bonde hili ni karibu sehemu moja ya tano ya Tanzania Bara na halifuati mipaka ya mikoa. Lakini kugawa maji kwa ujazo peke yake hakutoshi. Mwenye mlau huuliza maji yatafika lini, yatakaa siku ngapi, na yatashuka kabla ya mwezi gani ili awahi kupanda. Majibu ya hayo yafaa yaandikwe katika ratiba ya bwawa, pamoja na hesabu ya umeme.