Uganda: Askofu Mkuu Luwum na gharama ya kumfuata Yesu

Tangu mwaka 2015, Februari 16 ni siku ya mapumziko nchini Uganda. Mahujaji huelekea Mucwini, wilayani Kitgum, kaskazini mwa nchi, alikozikwa Janani Luwum, Askofu Mkuu wa Kanisa Anglikana aliyeuawa mwaka 1977 chini ya utawala wa Idi Amin.

Katika Injili ya Luka, Yesu anamtaka anayetaka kumfuata aketi kwanza ahesabu gharama, kama mtu anayekusudia kujenga mnara. Maisha ya Luwum yanaonyesha kwamba hesabu hiyo haifanywi mara moja ikaisha.

Luwum, aliyezaliwa mwaka 1922, alikuwa mwalimu wa shule alipookoka mwaka 1948 katika Uamsho wa Afrika Mashariki, ambao wafuasi wake huitwa Balokole, yaani waliookoka. Kwao wokovu ulidai kutubu hadharani, kurudisha vya wizi na kuacha pombe. Gharama ya wakati huo ilikuwa aibu na kutoelewana na ndugu.

Alipokuwa Askofu Mkuu mwaka 1974, Amin alikuwa madarakani kwa miaka mitatu na watu walikuwa wakitoweka. Luwum hakuwa mwanasiasa wa upinzani. Alikwenda mwenyewe kwa watawala kuwaombea waliokamatwa, na wapo waliomlaumu kwa ukaribu huo. Sehemu hii husahaulika mara nyingi: kabla ya kuonekana adui na mtawala, alishukiwa na watu wa upande wake mwenyewe.

Usiku wa kuamkia Februari 5, 1977, askari wenye silaha walivamia makazi yake wakidai kutafuta bunduki. Hawakupata kitu. Maaskofu wakamwandikia Amin barua ya kulalamikia mauaji na uonevu. Februari 16 waliitwa Kampala, na mbele ya wanajeshi na wanadiplomasia zikaonyeshwa silaha zilizodaiwa kuwa za njama ya kumrejesha Milton Obote, aliyekuwa uhamishoni Tanzania. Maaskofu wengine waliruhusiwa kuondoka. Luwum akabaki.

Kesho yake serikali ilitangaza kuwa yeye na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth-Ofumbi, wamekufa katika ajali ya gari. Walioiona maiti ya Askofu Mkuu walisema ilikuwa na majeraha ya risasi.

Je, aliuawa kwa ajili ya imani au siasa? Luwum alikuwa Mwacholi, na Waacholi na Walangi wengi walikuwa tayari wameuawa kwa kushukiwa tu kuwa upande wa Obote. Hilo haliwezi kuwekwa kando. Lakini alishauriwa kukimbia akakataa, na angeweza kunyamaza. Ni katika uamuzi huo, zaidi ya kifo chenyewe, ndipo ufuasi wake unapoonekana.

Gharama haikumwishia yeye. Mjane wake, Mary, na watoto walilazimika kuikimbia nchi. Kaburi lilikuwa limechimbwa kwenye kilima cha Namirembe, karibu na la Askofu James Hannington aliyeuawa mwaka 1885, lakini mwili haukuletwa; ulipelekwa Mucwini chini ya ulinzi wa askari. Waumini walikusanyika Namirembe hata hivyo, wakasali kando ya kaburi tupu.

Askofu Festo Kivengere wa Kigezi, aliyewahi kufundisha Dodoma kwa miaka mingi, alivuka milima kwa miguu pamoja na mkewe, Mera, hadi Rwanda. Mwaka huohuo alitoa kitabu ambacho jina lake linatamka kwamba anampenda Idi Amin. Si vigumu kuelewa jinsi jina hilo lingemchoma aliyefiwa. Kivengere hakulibadilisha. Alirejea nyumbani mwaka 1979, baada ya majeshi ya Tanzania na wapiganaji wa Uganda kumng'oa Amin.