Mlango wa Chuma na Jua la Saa Kumi

Nyumba nyingi za kupanga Dar es Salaam zina mlango wa mbele wa chuma: bati nene lililochomelewa kwenye fremu na kupakwa rangi nyeusi au ya kahawia. Unazuia wezi vizuri. Lakini mlango ukitazama magharibi, sebule haikaliki kuanzia alasiri, na feni inabaki kuzungusha hewa ya moto. Mpangaji hawezi kubomoa wala kutoboa ukuta wa mtu, akadhani basi, hana la kufanya. Analo, tena la bei nafuu.

Siku isiyo na mawingu, jua la alasiri huushushia ukuta unaolitazama wati 600 au zaidi kwa kila mita ya mraba. Mlango wa kawaida una mita za mraba 1.8 hivi. Maana yake unapokea zaidi ya wati 1,000, nguvu ya pasi ya umeme iliyoachwa imewaka. Upepo huchukua sehemu ya joto hilo, lakini rangi nyeusi hufyonza takriban asilimia 90 ya mwanga unaoipiga, na chuma hupitisha joto zaidi ya mara 200 kuliko mbao. Ndiyo maana upande wa ndani unachoma mkono.

Usiutegemee upenu. Adhuhuri unasaidia, kwa sababu jua liko juu ya paa. Ikifika saa kumi jua limeshuka, na upenu wa sentimita 60 unakinga nusu mita tu ya ukuta ulio chini yake. Saa kumi na moja, robo mita. Mlango uliobaki wote uko juani. Na mlango wa magharibi haupumziki mwaka mzima. Wa kaskazini huonja jua kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba.

Wengi hukimbilia pazia zito la ndani. Linasaidia kidogo, ila joto linakuwa limeshavuka chuma. Pazia linalichelewesha tu njiani. Jua lizuiwe nje, kabla halijagusa mlango, na kati ya kinga na mlango ibaki nafasi ya hewa kupita. Kitambaa kilichogandamana na chuma hupata moto na kuupitisha. Kilichoachana nacho kwa upana wa kiganja au zaidi hupoozwa na upepo pande zote mbili.

Kinga ninayoipenda kuliko zote ni neti ya kivuli, ile inayofunika vitalu vya miche. Ifunge kwa kamba ya manila kwenye mbao za upenu, ishuke kwa mshazari kuelekea nje, kisha ncha za chini zifungwe kwenye madumu ya lita 5 yaliyojaa mchanga. Hakuna msumari wala tundu. Jua likizama, unaikunja. Jamvi kuukuu nalo linafaa. Pasipo mbao za kufungia, tumia sumaku zenye kulabu: zinanasa vizuri kwenye fremu ya chuma, ingawa kwenye alumini hazishiki. Acha njia wazi ya kutokea kwa haraka, na usizibe matundu ya hewa juu ya mlango.

Kama una shaka, jaribu hivi. Tundika khanga nyeupe nje, ikinge nusu ya mlango tu, iachane na chuma. Saa kumi ingia ndani, weka kiganja upande uliokingwa, kisha upande wa pili. Hutahitaji kipimajoto.

Ukishaweka kinga ya nje, ndipo ndani panapostahili kushughulikiwa. Milango ya kuchomelea huwa na uwazi kati ya mabomba ya fremu upande wa ndani. Kata boksi gumu likae humo kwa kubana, bila gundi, na upande unaotazama chuma uvishe karatasi ya alumini, ukiacha nafasi ya kidole. Karatasi inayong'aa hurudisha joto linalotoka kwenye bati, mradi isiguse bati lenyewe. Jiko likae mbali na hapo.

Kumwagia maji kibaraza ni desturi nzuri, lakini inategemea ulipo. Lita moja ikikauka huchukua joto la kilojuli 2,400 hivi. Dodoma, penye hewa kavu, utaona tofauti upesi. Dar yenye unyevu maji hukauka polepole, na mengine yanaongeza fukuto tu.

Halafu zungumza na mwenye nyumba kuhusu rangi, tena kwa ujumbe wa simu ili kauli yake ibaki. Mwombe ruhusa ya kupaka nyeupe upande wa nje peke yake. Lita moja ya rangi ya mafuta inatosha mikono miwili na kusalia. Piga msasa kwanza uondoe kutu, na kazi ifanyike asubuhi, kabla chuma hakijapata moto.