Mtafute fundi wa kufuli mlango wako ukiwa wazi

Wengi wetu tuna jamaa bara, na wengine mnasoma hapa mkiwa huko huko Nakuru, Naivasha au Gilgil. Leo nazungumzia jambo linaloonekana dogo mpaka likufike usiku: kumwita fundi wa kufuli. Mimi lilinigharimu shilingi 11,800 kwa mlango mmoja. Pesa niliziona uchungu, lakini kilichoniuma zaidi ni kuwa dada yangu, mjane aliye ndani ya eda, alikosa usingizi kwa sababu ya fundi niliyemleta mimi mwenyewe.

Mwaka jana shemeji yangu alifariki Nakuru, Mwenyezi Mungu amrehemu. Nilipanda treni kutoka Mombasa hadi Nairobi, nikashika matatu, nikafika mazishi yameshapita. Nikabaki na dada yangu mkubwa siku zile za mwanzo. Usiku wa nne nilitoka kwenda kuswali Isha. Niliporudi, mpwa wangu alikuja kunifungulia kwa ndani, na ufunguo ukamvunjikia kwenye kitasa. Mlango ni wa chuma, madirisha yote yana grili. Mimi niko nje na kanzu yangu kwenye baridi ya Nakuru, mji ulio juu zaidi ya mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Ndani yuko dada na watoto wawili, mmoja ana pumu.

Mlinzi wa ploti akanionyesha namba iliyobandikwa kwenye nguzo ya stima. Nikapiga. "Ni elfu moja mia tano tu, mzee, niko karibu," akanijibu kijana. Nikasema njoo. Sikuuliza zaidi.

Akaja na drili. Hakutazama hata kipande kilichovunjika. Alitoboa kitasa, mlango ukafunguka, na kitasa kikawa si kitasa tena. Akatoa kingine kwenye mkoba, akakifunga, kisha akanisomea hesabu. Kufika, 1,500. Kufungua usiku, 2,500. Kitasa kipya, 4,500. Kazi ya kukifunga, 800. Pikipiki yake ya kuja na kurudi, 500. Jumla 9,800. Ile elfu moja mia tano ya kwenye simu ilikuwa bei ya kufika tu.

Nililipa. Saa tano ya usiku, mtoto anakohoa, mlango uko wazi, utabishana na nani? Asubuhi nilikwenda duka la vifaa vya ujenzi nikakikuta kitasa kile kile, chapa ile ile, shilingi 1,800.

Na mimi ni mtu mwenye stashahada ya ununuzi na ugavi. Kazini siidhinishi hata ununuzi wa karatasi bila kuona bei za wauzaji watatu. Lakini mtu aliyefungiwa nje hana nafasi ya kulinganisha bei, na fundi mjanja analijua hilo. Ndiyo maana nasema fundi wa kufuli atafutwe wakati mlango uko wazi na huna haraka.

Bei moja ina vipande vitano

Fundi akikwambia bei kwa simu, usimuulize "ni pesa ngapi?" ukaridhika. Muulize vipande vyote kimoja kimoja: kufika na usafiri ni ngapi? Kufungua ni ngapi? Usiku au Jumapili unaongeza kiasi gani? Kifaa kikihitajika ni ngapi, na je, naweza kununua mwenyewe dukani? Kazi ya kukifunga ni ngapi? Halafu la mwisho: usipofaulu kufungua, nakulipa nini?

Mwambie pia ukweli wa mlango wako. Ni wa mbao au wa chuma? Ni kufuli la kuning'inia au kitasa cha ndani ya mlango? Ufunguo umepotea, umevunjika, au umebaki ndani? Ukiweza, mpigie picha umtumie. Fundi anayeijua kazi yake atakupa bei iliyo karibu na kweli akishaona picha. Anayekwepa kwa kusema "nitaona nikifika" hajakupa bei yoyote.

Mkishapatana, mwandikie ujumbe mfupi: "Tumekubaliana kufungua mlango wa chuma, ufunguo umevunjika ndani, jumla shilingi kadhaa, usafiri ukiwemo." Ngoja ajibu "sawa." Kila mtu ana simu, na ujumbe huo ni shahidi wako.

Drili iwe ya mwisho

Siku ya pili dada alinituma kwa watu wa Bondeni, maana ndiko walikojuana na marehemu kwa miaka. Wakanipa fundi mmoja, mtu mzima, aliyewachongea funguo wengi wao. Nilimweleza yaliyotokea. Akatikisa kichwa, akasema kipande cha ufunguo kikivunjika mara nyingi hutolewa kwa ncha nyembamba, hata kipande cha msumeno wa chuma kilichonolewa, bila kukiumiza kitasa.

Kitasa cha silinda, cha aina ile aliyoitengeneza Mmarekani Linus Yale katika karne ya 19, kina vipini vidogo vinavyosukumwa na springi. Ufunguo ulio sahihi hupanga vipini vyote mstari mmoja, silinda ikazunguka. Fundi stadi huvipanga kwa vifaa vyake bila ufunguo. Inamchukua muda na inataka mkono mtulivu. Kutoboa ni haraka, na kunamlazimu mteja anunue kitasa kipya pale pale kutoka kwenye mkoba wa fundi. Hapo ndipo bei inapokimbia.

Sisemi kutoboa ni makosa siku zote. Kuna kitasa kilichooza ndani, na kuna kisichokubali njia nyingine. Kufuli la kuning'inia nalo mara nyingi ni nafuu kulikata kuliko kuhangaika nalo. Lakini fundi akishika drili au grenda kabla ya kujaribu chochote, msimamishe umuulize kwa nini. Akikwambia lazima, basi aseme kabla hajaanza bei itakuwa ngapi.

Jingine: kitasa kikiwa kizima na shida ni ufunguo tu, si lazima kubadilisha kitasa chote. Silinda peke yake hutoka kwa skrubu moja iliyo ubavuni mwa mlango. Ichukue mkononi uende nayo dukani, ununue ya urefu ule ule. Isitokeze sana nje ya uso wa mlango, kwa sababu mwizi huivunja kwa kuibana na koleo.

Nani amebaki na ufunguo?

Sasa nije kwenye lililomnyima dada usingizi. Kitasa kile cha usiku, fundi alikitoa kwenye mkoba kikiwa nje ya paketi, akatukabidhi funguo mbili. Dukani asubuhi niliona paketi yake ina funguo tatu. Nilipomweleza dada, alinyamaza kwanza. Kisha akaniuliza, "Na wa tatu yuko nao nani, mdogo wangu?"

Huenda kitasa kile kilikuwa na mbili tangu mwanzo. Kijana wa watu simtuhumu wizi. Lakini mjane aliyebaki na watoto usiku hawezi kulala juu ya neno "huenda." Yule fundi wa Bondeni alibadilisha silinda siku ile ile. Nilinunua mwenyewe kwa shilingi 1,300, nikaifungua paketi mbele ya dada, akazihesabu funguo yeye, na fundi akachukua 700 ya kazi yake. Jumla 2,000, juu ya zile 9,800.

Kwa hivyo kifaa kipya kifunguliwe paketi mbele yako na uhesabu funguo. Ukipeleka ufunguo kuchongwa, simama pale pale mpaka uishe. Usiuache ukaenda kunywa chai. Usiandike anwani ya nyumba kwenye kishikio cha ufunguo. Na ukihamia nyumba ya kupanga, badilisha silinda kwa makubaliano na mwenye nyumba, kwa sababu hujui wapangaji waliotangulia walichonga ngapi.

Fundi mzuri hukuhoji

Kabla ya kugusa mlango, yule mzee wa Bondeni aliniuliza: "Mwenye nyumba ni nani, na nitajuaje?" Nilitaka kuudhika. Alitaka kumwona dada, akamsalimu kutoka barazani kwa adabu, akamuuliza jirani, ndipo akafungua mkoba. Yule wa usiku hakuniuliza hata jina. Nilikuwa mgeni wa kanzu nje ya mlango wa watu saa tatu usiku, na alinifungulia. Angemfungulia yeyote.

Basi hiki ndicho kipimo changu cha kwanza: fundi anayedai kitambulisho chako, au kuitiwa msimamizi wa ploti au mzee wa Nyumba Kumi, huyo analinda nyumba yako hata usipokuwepo. Nawe muulize maswali yako. Ana sehemu ya kazi inayojulikana, au ni namba ya nguzoni tu? Ana cheti cha mtihani wa ufundi wa NITA? Ana cheti cha tabia njema kutoka DCI? Mafundi wengi wazuri hawana karatasi, nakubali. Lakini asiye na karatasi awe na watu: jirani, imamu, mwenye duka la vifaa, mtu anayeweza kusema "huyu namjua." Na unapomlipa kwa M-Pesa, angalia jina linalojitokeza lifanane na lile alilokupa, kisha hifadhi ujumbe wa malipo.

Sheria iko upande wako ukiwa na maandishi

Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 46, inampa mtumiaji haki ya huduma yenye ubora wa kuridhisha na ya kupewa habari anazohitaji. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inakwenda mbali zaidi: mkikubaliana kwa makadirio, mtoa huduma haruhusiwi kukutoza zaidi ya asilimia 10 juu ya makadirio hayo, isipokuwa mmekubaliana upya. Kwa 1,500 yangu, ningekuwa na maandishi, kazi ile ile isingepita 1,650. Pesa zikiwa nyingi, iko Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na huna lazima ya kuwa na wakili. Lakini bila ujumbe wala risiti utasimama mbele yake na maneno matupu.

Wenye magari nao wasikilize. Magari mengi ya mitumba kutoka Japani yanashuka bandarini Mombasa na ufunguo mmoja. Ufunguo wa gari la siku hizi una chipu ndani, na bila chipu inayotambuliwa injini haiwaki. Kuchonga wa pili ukiwa na wa kwanza mkononi ni rahisi zaidi kuliko kuanza bila wowote, gari likiwa limelala kando ya barabara Gilgil. Chonga wa pili wiki hii.

Zamani milango yetu ya Lamu na Mji wa Kale ilifungwa kwa mnyororo na kufuli, na fundi aliyeitengeneza alikuwa mtu wa mtaa, babake anajulikana. Nakuru ni jiji tangu Desemba 2021. Hatutawajua watu wote. Lakini mmoja wa kufuli tunaweza kumjua. Leo mlango wako ukiwa wazi, uliza majirani, pata majina mawili, waulize bei ya mchana na ya usiku, weka namba zao kwenye simu na nyingine ukutani jikoni. Ufunguo wa akiba mpe mtu unayemwamini. Rahisi yavunja upishi, na haraka nayo yavunja mlango.

Dada yangu alimaliza eda yake salama, alhamdulillahi. Namba ya mzee wa Bondeni imebandikwa kwenye friji yake. Yangu iko chini yake.