Kekee Inayojua Pa Kukomea



Yeyote kati yetu aliyewahi kusimama mbele ya kekee ya karakana anajua kwamba hatari ya kutoboa haiko mwanzo wa tundu, iko mwisho wake. Chuma kinapokaribia kutoboka, mlio hubadilika, mkono wa mashine huwa mwepesi ghafula, na fundi asiyelegeza kwa wakati huvunja ncha au huharibu kazi nzima. Kijana anayejifunza ufundi hapa Nakawa, katika chuo kilichoanza mwaka 1971 kwa ushirikiano wa Uganda na Japani, hana budi kulijua hilo mapema: sikiliza, hisi, komea kwa wakati.

Sasa fikirini kazi hiyo hiyo ikifanywa ndani ya kinywa cha mtu. Kinachotobolewa si bamba la chuma bali jino la mfanyakazi mwenzetu, aliyekaa kitini amefumba macho. Katika ukurasa huu tumeona vema kueleza habari za kekee za meno zenye vihisi, yaani vifaa vinavyopima na kumjulisha daktari amefika wapi. Hatuzielezi kwa kuwa ni maajabu ya ng'ambo. Tunazieleza kwa sababu wenzetu wengi wamepoteza meno ambayo yangeweza kuokolewa.

JINO NA KEKEE YAKE

Gamba la nje la jino ni gumu kuliko kitu kingine chochote mwilini. Hata pale lilipo nene kabisa, unene wake ni kama milimita 2 na nusu tu. Chini yake kuna sehemu ya manjano iliyo laini zaidi, na ndani kabisa kuna kiini, penye neva na mishipa ya damu. Daktari huchimba ili kuondoa uozo kabla ya kuziba. Akipita kiasi, hufikia kiini, na kazi ndogo hugeuka kuwa kubwa. Akikomea mapema mno, uozo huweza kubaki pembeni na kuendelea kula chini ya kiraka.

Zamani kekee ya meno iliendeshwa kwa mguu. Mmarekani James Morrison alipata hati ya ugunduzi wa kekee ya namna hiyo mwaka 1871, nayo ilikanyagwa kama fundi cherehani anavyokanyaga mashine yake barazani. Mwaka 1957 ikaingia sokoni kekee inayozungushwa kwa hewa ya kusukumwa. Kekee za aina hiyo hufikia mizunguko zaidi ya 300,000 kwa dakika, wakati kekee ya karakanani huenda kwa mamia au maelfu machache tu. Kwa mwendo kama huo jino hukatwa upesi, na mgonjwa hasumbuliwi na mtikiso kama zamani. Lakini mkono nao hupata habari kidogo kuliko zamani.

VIHISI VINAFANYA NINI

Kihisi cha kwanza ni kile kinachopima nguvu ya kuzungusha. Wenzetu wa viwandani wanajua kwamba mota ikizidiwa na mzigo huvuta umeme mwingi zaidi. Mota za umeme za meno hutumia kanuni hiyo hiyo. Ncha ikibanwa, kifaa hutambua kwamba mzigo umepita kipimo kilichowekwa, na husimamisha mota au huirudisha nyuma kabla ncha haijakatika ndani ya jino.

Kihisi cha pili hutumika katika mfereji wa mzizi. Kiini kikisha kuoza, daktari husafisha mfereji huo kwa tupa nyembamba kama sindano. Shida ni kujua mfereji unaishia wapi, maana macho hayafiki huko. Mwaka 1962 mtaalamu wa Japani, Sunada, alionyesha kwamba umeme mdogo sana ukipitishwa kati ya tupa na ngozi laini ya kinywa, ukinzani wake tupa inapofika ncha ya mzizi huwa karibu ule ule, kama omu 6,500, kwa kijana na kwa mzee. Vipimo vya leo vimeboreshwa kupita hapo, lakini msingi ni wa kazi ile. Baadaye kipimo hicho kiliunganishwa na mota, ikapatikana mashine inayojirudisha yenyewe tupa inapofika mwisho wa mfereji.

Cha tatu ni mkono wa mashine unaomwongoza daktari anapotoboa mfupa wa taya ili kupandikiza jino la bandia. Marekani iliruhusu mashine ya namna hiyo mwaka 2016, na mwaka 2017 mashine nyingine huko Xi'an, China, ilipandikiza meno yenyewe huku madaktari wakiisimamia.

Hata hivyo tusidanganyane. Kekee ya kawaida ya kuziba jino bado inaongozwa na jicho na mkono wa daktari. Kihisi ni msaidizi wa fundi, si fundi. Wenzetu wa mashamba ya chai wanajua mzani: usipokaguliwa na kupigwa muhuri, unaweza kumpunja mchumaji mchana kweupe huku ukionyesha namba safi. Kihisi nacho ni mzani. Kisiporekebishwa kwa wakati, husema uongo, na asiye fundi huusadiki.

KAZI YA NAKAWA

Je, vifaa vya kupima namna hii ni vya kununua ng'ambo tu? Jibu liko hapa hapa Nakawa. Katika Taasisi ya Utafiti wa Viwanda ya Uganda, mhandisi Philippa Ngaju Makobore na wenzake walitengeneza kifaa cha kudhibiti dripu ya mgonjwa. Kihisi huhesabu matone yanavyodondoka, na kifaa hufungua au kubana mpira wa dripu mpaka mwendo uwe ule uliowekwa. Mwaka 2017 kazi hiyo ilipata zawadi ya pili ya Tuzo ya Ubunifu ya Afrika, dola 25,000.

Kifaa hicho si cha meno, lakini kanuni ni moja: pima, linganisha, rekebisha, komea. Aliyeweza kuhesabu matone anaweza kujifunza kupima kina cha tundu. Na kijana wa Nakawa anayejua mota, bomba la hewa na waya anaweza kufundishwa kutengeneza mashine ya meno, isije ikakaa miezi pembeni imefunikwa kitambaa kwa kukosa kipuri kidogo.

MKONO BADO UNAHESABIWA

Tena, kukosa mashine kusiwe kisingizio. Katikati ya miaka ya 1980, nchini Tanzania, ilianzishwa njia ya kutibu meno bila kekee na bila umeme. Mganga hukwangua uozo kwa vifaa vya mkono, kikiwemo kijiko kidogo kikali. Uozo ni laini, jino zima ni gumu, na mkono husikia tofauti hiyo. Kisha tundu huzibwa kwa saruji ya meno inayoshikana na jino lenyewe. Shirika la Afya Duniani liliitangaza njia hiyo mwaka 1994, na mwaka 2021 saruji hiyo iliingizwa katika orodha yake ya dawa muhimu. Njia hii haitoshi kila jino, hasa uozo ukisha kufika kwenye kiini. Lakini inaweza kufanyika hata katika zahanati ya shamba isiyo na umeme.

TUNALOTAKA

Tunamjua mwenzetu mmoja, mama wa idara ya kufungasha, aliyefanya kazi wiki mbili za zamu ya usiku akimeza vidonge vya maumivu. Jino lake lilikuwa na tundu dogo. Alipokwenda kutibiwa aliambiwa kwamba kitabu cha matibabu cha wafanyakazi kinalipia kung'oa. Kuziba ni juu yake mwenyewe. Mshahara ulikuwa bado siku kumi na moja. Waling'oa. Mwaka uliofuata waling'oa la pili, kwa sababu ile ile. Leo anatafuna upande mmoja, na anapocheka huziba mdomo kwa kiganja.

Mama huyo hakukosa kekee yenye kihisi. Alikosa mstari mmoja katika mapatano yake na mwajiri.

Basi tunasema hivi. Kwanza, kila kamati ya tawi, inapokaa na mwajiri, idai kwamba kuziba jino ni matibabu sawa na kung'oa, na liandikwe wazi. Pili, vyuo vya ufundi, Nakawa kikiwa mbele, viwafundishe vijana kutunza na kutengeneza mashine za hospitali, wasibaki kuziangalia tu. Tatu, kila mmoja wetu aende mapema. Jino lililoanza kusisimka kwa maji baridi linasema lile lile linalosemwa na mashine iliyoanza kulia: nitazame leo, kesho nitakusimamisha kazi.

Wajumbe wa matawi, fungueni vitabu vya matibabu vya mahali penu wiki hii. Tazameni kama neno "kuziba" limo. Kama halimo, leteni habari katika mkutano ujao, ili tulidai kwa sauti moja.