Fahamu: Kwa nini aurora haionekani Voi
Mei 2024 dhoruba ya jua iliwasha anga kwa rangi hata katika nchi zisizozoea mwanga huo wa aurora. Hapa Voi haukuonekana. Usumaku wa dunia huzielekeza chembe za jua zinazouwasha kwenye maeneo ya ncha zake, mbali mno nasi. Huko Alaska kamera za ardhini huikodolea macho aurora, huku roketi za utafiti zikiipenya kwa dakika chache, zaidi ya kilomita 100 juu, mahali puto halifiki. Roketi kama hizo Waitaliano walizirusha mwaka 1964 kutoka jukwaa la baharini Ngomeni, Malindi.

Ukanda wetu wa ikweta nao una msukosuko wake: jua likishatua, mapovu huzuka katika tabaka la juu la angahewa lenye chaji na kuyumbisha mawimbi ya GPS. Kwa hiyo, mpima ardhi wa Mwatate unayetumia GPS, pima asubuhi.