Mwezi wa Mavuno juu ya Ziwa Kivu

Miongoni mwa askari wa Umoja wa Mataifa waliopelekwa Kongo walikuwamo wahandisi na matabibu wa jeshi la Uchina, walioanza kufika mwaka 2003, na ambao kwa miaka mingi walikuwa na kambi Bukavu, kando ya Ziwa Kivu, wakitengeneza barabara na kuendesha hospitali. Nao kila mwaka, wakiwa ughaibuni, walifikiwa na siku ya kumi na tano ya mwezi wao wa nane, iliyo sikukuu ya mavuno na ya kukutana aila, ilhali hawana shamba la kuvuna wala jamaa wa kukutana naye.

Miezi ya Wachina, kama ya Waislamu, hufuata mwandamo. Ila wao, ili sikukuu isiyakimbie majira yake, huongeza miezi saba katika kila miaka kumi na tisa, na kwa hiyo siku hiyo haitoki nje ya Septemba na siku za mwanzo za Oktoba. Kwao mpunga umekwisha kukomaa. Kivu ya Kusini, kinyume chake, mvua ndiyo kwanza inaanza, na wanawake wa Kabare na Walungu wamo mashambani wakipanda maharagwe.

Chakula cha siku ni keki ya mwezi, nene na ya kuenea kiganjani, ambayo hushindiliwa katika kibao cha mti kilichochongwa nakshi, kisha ikaokwa. Ganda lake ni jembamba, la unga, mafuta na shira, na ndani hujazwa mbegu za yungiyungi zilizopondwa kwa sukari, na katikati kabisa hufichwa kiini cha yai la bata lililolowekwa chumvini. Utamu wake ni mzito, wala mtu hali nzima peke yake: hukatwa vipande kwa idadi ya waliopo, na kuteremshwa kwa chai isiyo na sukari, jambo ambalo mtu wa pwani, aliyelelewa kwa halua na kahawa chungu, hahitaji kufafanuliwa.

Hadithi zao husema kwamba huko mwezini anakaa bibi Chang'e, aliyekunywa dawa ya uzima wa milele akapaa, pamoja na sungura mtwanga dawa, ambaye Wachina humwona katika mabaka ya mwezi. Lakini hapa, karibu na ikweta, sungura huyo huonekana amelala kwa namna wasiyoizoea. Mwezi mpevu huchomoza jua linapotua, nyuma ya vilima vya Rwanda ng'ambo ya mto Ruzizi, wakati Beijing ni saa sita ya usiku. Hivyo mgeni wa Bukavu huanza kuutazama pale ambapo nyumbani kwao watoto wamekwisha kulala.

Wavuvi wa sambaza, samaki wadogo wa ziwa hili mfano wa dagaa, nao hawausherehekei. Usiku wa giza huwasha taa juu ya mitumbwi yao iliyounganishwa mitatu mitatu kwa miti mirefu, samaki wakaifuata nuru. Mbalamwezi ikienea, taa haina tena kazi, wengi hubaki nchi kavu, na sambaza huadimika sokoni.